Kikapu cha Mkulima Siku ya Gulio
(Mazungumzo katika semina ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Nyabibuye)



Tumeombwa tuzungumze juu ya haki na amani, na pengine wengi wenu mlitazamia tuanze na mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, au mashauri yanayopelekwa katika baraza la kata. Hayo yote yana siku zake. Leo tumechagua kuanza na kikapu, yaani kile anachokwenda nacho mama gulioni asubuhi, na yale yanayorudi ndani yake jioni. Huku kwetu milimani, tangu Kasulu hadi Kibondo na Kakonko, fedha huingia katika nyumba nyingi mara mbili au tatu tu kwa mwaka: wakati wa maharagwe, wakati wa mahindi, na kwa baadhi yetu wakati wa kahawa au tumbaku. Lakini kutoka, hutoka kila siku. Mwenye mshahara akikosea katika kununua, atasubiri mwisho wa mwezi. Mkulima akikosea wakati wa mavuno, atasubiri mvua nyingine.

Mwaka 1857 mtaalamu wa takwimu wa Ujerumani aliyeitwa Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda katika chakula. Sisi hatukuhitaji Mjerumani atuambie hivyo. Hata hivyo jambo hilo lina matokeo ambayo hatuyafikirii mara nyingi: yule asiye na kitu ndiye anayeumizwa zaidi na kopo lililobonyezwa, kwa sababu karibu yote anayoyanunua hupimwa kwa kopo.

Basi, ni nini kinachotuongoza tunapotoa fedha mfukoni? Tungependa kujibu kwamba ni haja. Lakini tukijichunguza tutaona kwamba haja ina wenzake wengi wanaoandamana nayo njiani.

Mwenza wa kwanza ni kumbukumbu. Wazee mliomo humu mnakumbuka miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sabuni ilipokuwa ya kuandikishwa, sukari ya kugawiwa, na khanga ya kusikia kwamba imefika mjini kwa Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na watu wakaficha hata kile walichokuwa nacho kwa halali. Kuanzia 1984 milango ya biashara ikafunguliwa kidogo kidogo, mitumba ikaingia, na maduka yakajaa. Lakini mtu aliyejifunza kununua katika uhaba hununua kwa sababu kitu kipo, wala si kwa sababu anakihitaji. Aliwarithisha hivyo wanawe, nao hawajui tabia hiyo ilitoka wapi.

Mwenza wa pili ni macho ya jirani. Hatusemi kwamba heshima ni jambo baya. Binadamu ni mtu wa watu, na mama anayetaka kitenge kizuri cha kuvaa siku ya ubatizo wa mwanawe hatendi dhambi. Lakini tumeona michango ya harusi ikipangwa kwa kutazama harusi ya nyumba ya pili, na bibi arusi akaanza maisha katika nyumba isiyo na jembe la pili. (Sisi mapadre nasi hualikwa, na pilau tunaila kama wengine, kwa hiyo msidhani tunazungumza kutoka mbali.)

Mwenza wa tatu ni tangazo. Mwaka 1957 mwandishi wa Marekani, Vance Packard, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi makampuni ya nchi yake yalivyowaajiri wataalamu wa nafsi ya mtu ili yajue anaogopa nini na anatamani nini, kisha yamuuzie bidhaa kwa njia ya hofu na tamaa hiyo. Leo tangazo halingojei tulifuate mjini. Limo katika redio juu ya baiskeli, na limo katika simu ya mkononi inayolia usiku ikituambia kwamba kifurushi kimeongezwa. Angalieni dawa za kung'arisha ngozi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa sababu vinadhuru mwili, na hata hivyo vinauzwa. Anayevinunua hanunui mafuta. Ananunua ahadi kwamba atapendwa zaidi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliligusa jambo hili katika waraka wake wa 1991, Centesimus Annus, alipoonya juu ya mahitaji yanayobuniwa ili watu wanunue, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita, mwaka 2009, alifundisha kwamba tendo la kununua lina uzito wa kimaadili, si wa kiuchumi tu.

Lakini tusije tukafanya kosa la kuwahubiria maskini juu ya anasa. Wengi wenu humu hamjaziona hizo anasa. Kwa hiyo tuje kwenye mwenza wa nne, ambaye ndiye mkubwa kwetu, naye ni udogo wa fedha yenyewe.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Tuseme lita moja ya mafuta ya kupikia ni shilingi 6,000. Mama hana 6,000. Ana 800, na kwa 800 anapimiwa sehemu moja ya kumi ya lita. Akirudi mara kumi, amelipa 8,000 kwa lita ile ile. Nyumba inayotumia lita tatu kwa mwezi itakuwa imetoa zaidi shilingi 6,000 kila mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka, bila kupata hata tone la nyongeza. Fedha hiyo ingenunua sare na madaftari, tena si ya mtoto mmoja. Fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa chumvi, kwa kipande cha sabuni kilichokatwa katika mche, kwa majani ya chai ya kifuko, na kwa vocha ya siku badala ya ya mwezi. Viwanda navyo vimelijua jambo hili, ndiyo maana kila kitu siku hizi hufungwa katika vifuko vidogo vidogo.

Mtu wa mjini akisikia hivi atasema, "Basi wanunue kwa jumla!" La hasha. Maskini hanunui kidogo kidogo kwa ujinga. Ananunua hivyo kwa kuwa leo ana 800, na watoto watakula leo. Wala tusimgeuze mwenye duka kuwa adui. Naye amelipa nauli ya gari katika barabara zetu za masika, amebeba hasara ya mafuta yaliyomwagika, na mara nyingi yeye mwenyewe amekopa. Ubaya unaanza pale kipimo kinapodanganya.

Hapo ndipo Nabii Amosi anapotufaa. Katika sura yake ya nane anawakemea wafanyabiashara waliokuwa wakipunguza kipimo cha nafaka, wakiongeza uzito wa fedha, na kuuza hata makapi. Tukilisoma neno hilo kwa macho ya gulioni, tunaona maajabu yafuatayo: mkulima anapouza, kipimo kinakua, anaponunua, kipimo kinasinyaa. Maharagwe yake yanapotoka shambani hujazwa katika gunia lililoungwa kichwa kwa kamba na gunia jingine, ile lumbesa tunayoijua sote, na analipwa bei ya gunia moja. Miezi mitatu baadaye anarudi kununua maharagwe yale yale kwa kopo lililosukumwa kitako ndani. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza lumbesa, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo. Lakini mkaguzi hawezi kuwa katika kila gulio kila wiki, na mkulima aliye peke yake hana nguvu ya kumwambia mnunuzi, "Tupime kwa mizani," kwa sababu anajua kwamba mnunuzi atahamia kwa jirani anayekubali.

Kwa nini jirani akubali? Mara nyingi ni kwa sababu ya deni. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwezi wa Novemba, chakula kinapopungua na sare za Januari zinakaribia, mzazi hukopa shilingi 30,000 na kuahidi debe mbili za maharagwe yangali mashambani. Kule Kagera desturi hiyo katika kahawa huitwa butura. Tuseme wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, debe ni shilingi 25,000. Amekopa 30,000, amelipa 50,000 katika miezi mitatu. Tena ameuza mbegu. Kwa hiyo msimu unaofuata atainunua mbegu, na ili ainunue atakopa. Twaona jinsi nyumba inavyoweza kulima miaka kumi bila hata siku moja kuuza maharagwe yake kwa bei ya siku hiyo.

Na sasa deni limehamia katika simu. Mikopo ya haraka, ile ambayo wananchi wenyewe wameibatiza "kausha damu", haimwulizi mtu ana shamba wala ana mdhamini. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Vijana wetu waliokopa huko wameona majina yao yakipelekwa kwa ndugu na marafiki ili waaibishwe. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, kijana aulize mambo mawili: mkopeshaji ana leseni, na nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla? Akijibiwa asilimia tu, aombe jibu kwa shilingi.

Tungependa tukae kidogo katika jambo moja lililotokea karibu nasi. Kambi ya Nyarugusu, katika Wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Kwa miaka mingi wakimbizi walipewa mahindi, njegere kavu, mafuta na chumvi, na kwa miaka mingi baadhi ya chakula hicho kimeuzwa vijijini kwa bei ya chini. Wageni wengi walishangaa: mwenye njaa anauzaje chakula? Sisi tunaoishi nao tulijua. Mtu hawezi kula mahindi na njegere siku zote za maisha yake. Anataka mboga za majani, dagaa, sabuni ya kufulia nepi. Aliuza kwa hasara ili apate kuchagua. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuzipa baadhi ya kaya fedha taslimu badala ya chakula, nao wakaenda kununua wenyewe. Mwaka 2017 Serikali ikausimamisha mpango huo. Hatuingii hapa katika hoja za pande zote mbili. Tunasema tu kwamba kuchagua ni sehemu ya utu, kiasi kwamba mtu yuko tayari kupoteza nusu ya chakula chake ili asipokonywe.

Je, ifanyike nini? Wako watakaosema tufungue duka la ushirika. Wazo ni jema, lakini lina historia. Mwaka 1976 nchi yetu ilianzisha Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa, na ya ushirika yachukue nafasi yake. Yalifungwa haraka kuliko yale mengine yalivyofunguliwa, bidhaa zikaadimika, na operesheni ikabidi ipunguzwe mwendo. Linganisheni na wale watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, ambao mwaka 1844 walichanga fedha zao kwa shida na kufungua chumba kimoja chenye unga, siagi, sukari na shayiri. Hawakuamriwa na mtu. Walikuwa wamechoshwa na unga uliochanganywa na vitu vingine, na wakaamua kuuziana kilicho safi kwa kipimo cha kweli. Sisi tunaamini kwamba tofauti ya mambo hayo mawili haikuwa katika fedha. Rochdale mwenye duka na mnunuzi walikuwa mtu yule yule, na alijua hivyo.

Kwa hiyo hatuwahimizi mwanze na duka. Nyumba tano za jumuiya moja zinaweza kuchanga 1,200 kila moja na kununua lita ile ya mafuta kwa 6,000, wakagawana nyumbani kwa kipimo wanachokiona wote. Nyumba kumi zinaweza kuuza maharagwe siku moja, mahali pamoja, kwa mizani moja, ili mnunuzi asipate jirani wa kuhamia. Vikundi vyenu vya kuweka na kukopa viweke akiba maalumu ya mwezi wa Novemba, isiyoguswa kwa harusi. Mbegu inunuliwe kwa wakala anayetoa risiti, na mfuko utunzwe hadi mimea iote, kwani bila risiti na mfuko hakuna malalamiko yatakayosikilizwa.

Sasa tugawanyike katika makundi kwa kufuata vitongoji. Kila kundi lichague bidhaa tatu zinazonunuliwa katika kila nyumba, liandike bei ya kila moja katika vipimo vyote vinavyouzwa gulioni kwetu, kikubwa na kidogo, kisha lipige hesabu ya kilo au lita. Akina mama ndio waongoze hesabu, kwa kuwa ndio wanaozijua bei. Katibu wa kila kundi alete karatasi baada ya chai. Mizani ya kupimia ipo pale mezani, na ndoo. Aliyekuja na kopo la dukani alilete tulipime.