Samaki mbichi hangoji kizuizi

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya timu yetu ya uwanjani katika mkutano wa wavuvi, wamama wachuuzi na kamati za amani za Kasongo na Kabambare



Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja. Tunajua kwamba mvuvi anayekaa kikaoni amepoteza siku ya mtumbwi, na mama anayekaa kikaoni amepoteza siku ya soko. Kwa hiyo hatutazunguka sana. Tumeombwa tuzungumze juu ya amani. Sisi tumechagua kuzungumza juu ya samaki, kwa sababu katika kutembea kwetu vijiji vya Lualaba na Luama tumeona kwamba samaki anasema ukweli juu ya amani kuliko ripoti zetu.

Sisi watu wa Maniema hatuna bahari. Pwani ya nchi yetu ni kipande kidogo tu, kule Muanda, upande wa Atlantiki. Samaki wa maji ya chumvi anatufikia akiwa makayabo, amekauka na kujaa chumvi. Hatumlaumu, maana safari yake ni ndefu. Lakini samaki wa Lualaba na wa Luama anavuliwa mlangoni petu. Swali letu la leo ni hili: kwa nini mara nyingi na yeye anatufikia amekauka, kama vile ametoka baharini?

KUTOKA MTUMBWI MPAKA SUFURIA

Wavuvi mliopo hapa mnaijua kazi hii kuliko sisi. Lakini wamo kati yetu viongozi ambao hawajawahi kulala mtoni, basi tuieleze kwa kifupi. Jioni watu wawili wanaingia katika mtumbwi wa gogo moja. Mmoja anashika kafi nyuma, mwenziwe anashusha wavu polepole mbele. Wengine wanatega ndoana, wengine wanaweka migono penye majani ya kando. Wavu unalala majini usiku kucha, na kabla ya jua kutoka unavutwa.

Tangu hapo muda unaanza kuhesabiwa, kwa kuwa barafu hatuna. Kambale anavumilia, maana anaweza kuvuta hewa. Mama anamweka katika beseni chini ya majani mabichi, na anafika sokoni bado anapiga mkia. Lakini tilapia, mbenga na kapitene hawana uvumilivu ule. Jua likifika katikati ya kichwa, macho yao yameanza kuingia ukungu, mashavu yamepoteza wekundu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole hairudi.

Akifika mapema, hana haja ya mambo mengi. Mama anampara magamba, anatoa matumbo, anamkata vipande. Mawese kidogo, nyanya, kitunguu, pilipili, chumvi na maji ya kiasi. Hakorogi kwa mwiko, anatikisa sufuria tu, kwa maana samaki mbichi huvunjika. Wengine wanamfunga katika majani na kumweka juu ya makaa. Wanamla na ugali wa muhogo, ama na wali, zao ambalo wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walilileta pande zetu za Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19. Kuni zinazotumika ni chache, na hata mtoto mdogo anapata kipande laini.

Hatudharau samaki wa moshi. Tangu zamani watu wetu wanakausha ili wauze mbali, na machimbo ya dhahabu ya Kabambare yanamnunua. Lakini kukausha kwa kupenda ni biashara, na kukausha kwa sababu njia imefungwa ni hasara.

KIZUIZI KINAKULA MARA MBILI

Mama mmoja wa upande wa Kabambare alitueleza safari yake. Alitoka kivukoni alfajiri na beseni la tilapia kichwani. Kwenye kizuizi cha kwanza aliombwa samaki wawili, akatoa. Kwenye cha pili aliambiwa angoje mkubwa aamke. Alipofika cha tatu, jua lilikuwa limekwisha kupanda, na wale waliomsimamisha walimcheka kwamba samaki wake wananuka. Sokoni aliuza kwa bei ya kutupa, na waliobaki akawarudisha nyumbani kuwakausha.

Mama huyu hakupigwa, wala hakutukanwa. Samaki wawili tu ndio waliochukuliwa mkononi mwake. Kwa hiyo hakuna ripoti iliyomwandika. Sisi wa mashirika tunahesabu waliokufa, waliokimbia, nyumba zilizochomwa, na ni haki kuhesabu. Lakini beseni zima lililooza njiani hatulihesabu. Kizuizi kinakula mara mbili: kwanza kile kinachochukuliwa, kisha kile kinachooza mtu akingoja. Na cha pili mara nyingi ni kikubwa kuliko cha kwanza.

Ndipo sisi tukajifunza kuuliza swali jepesi tunapoingia kijijini. Zamani tulikuwa tunauliza, «Je, usalama ukoje?» Watu walitazamana, wakajibu, «Tuko salama,» kwa kuwa hawakujua nani anasikiliza. Siku hizi tunauliza, «Je, sokoni kuna samaki mbichi?» Hapo kila mtu anajibu bila kuogopa, na jibu linatuambia kama njia iko wazi, kama watu wanathubutu kulala mtoni, na kama mama anaweza kutembea alfajiri peke yake.

TUKUMBUKE NYANGWE

Mambo haya si mageni katika nchi yetu. Nyangwe, huko kwetu kando ya Lualaba, palikuwa na soko kubwa ambapo wamama wa ng'ambo zote mbili walikuja kwa mitumbwi, na samaki, mawese, chumvi na vyungu. David Livingstone, aliyekaa pale mwaka 1871, aliandika kwamba hata wilaya mbili zikiwa vitani, wamama wa soko walipita katikati bila kuibiwa. Desturi hiyo wazee wetu walikuwa nayo kabla shirika lolote halijafika kutufundisha neno amani.

Halafu tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wa wafanyabiashara ya watumwa, waliingia sokoni. Walianza kwa kubishana juu ya bei ya kuku, kisha wakapiga risasi. Wamama walikimbilia mitumbwi. Mitumbwi ikabanana katika kijito, na wengi walizama Lualaba. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo iliposomwa Uingereza iliongeza nguvu ya wale waliodai soko la watumwa la Unguja lifungwe, na lilifungwa mwaka 1873.

Hatulisemi hili ili kufungua vidonda. Damu zimechanganyika, na watoto wa waliopiga na wa waliopigwa leo wanakaa mtaa mmoja, wanasema Kiswahili kimoja. Tunalisema kwa sababu ya jambo moja. Bunduki ikiingia mahali pa samaki, hata ugomvi wa kuku mmoja unaweza kuwa mauti ya mamia.

KOSA LETU SISI

Sasa tuje kwa habari ambayo hatuna fahari nayo. Miaka ya nyuma tulifanya kazi katika vijiji viwili vinavyotazamana kando ya Luama. Watu waliokimbia vita walikuwa wamefika katika kimoja, na hali yao ilikuwa ya kuhuzunisha. Tukaleta nyavu, na tukazigawa katika kijiji kile kile kimoja, kwa sababu orodha ya wahitaji ilikuwa ya huko. Tulipiga picha, tukaandika ripoti, tukarudi Kasongo tukiwa na furaha.

Kiangazi kilipofika, maji yalishuka, na samaki wakabaki katika mabwawa ya kando ya mto. Kwa desturi ya pale, mabwawa yale yalikuwa ya vijiji vyote viwili, na wazee ndio waliochagua siku ya kuyafungua. Wenye nyavu mpya hawakungoja siku. Wenzao wa ng'ambo, wasio na nyavu, wakaja usiku na vyandarua vya mbu vilivyoshonwa pamoja, vikazoa mpaka vifaranga. Baadaye mtu akatia sumu ya majani bwawani. Nyavu zikakatwa, mtumbwi ukapasuliwa kwa shoka.

Ndipo upande mmoja ukafanya lile tunaloliogopa kuliko yote: ukaita vijana wenye silaha waje kuamua. Walikuja, na waliamua kwamba kila mtumbwi wa kila upande utatoa samaki kila asubuhi. Waliowaita walilipa sawa na walioitiwa. Mzee mmoja alituambia, «Tuligombana juu ya mkia, tukampoteza samaki mzima.»

Ndugu zetu, wale vijana hatukuwaita sisi. Lakini nyavu zile tulizileta sisi, na hatukuuliza bwawa ni la nani. Tuliomba radhi mbele ya vijiji vyote viwili, na leo tunalikiri mbele yenu, ili shirika lingine lisirudie.

SUFURIA MOJA

Kurudi nyuma kulichukua muda mrefu. Vikao vya kwanza vilivunjika kwa kelele. Kilichosaidia ni pendekezo la wamama. Walisema: msikutane na mikono mitupu. Kila upande ulete samaki wake, na sisi wachuuzi wa ng'ambo zote mbili tutapika pamoja katika sufuria moja. Wanaume wengine walinung'unika kwa hofu ya kulishwa kitu kibaya. Wamama wakajibu kwa kuonja wao kwanza, mbele ya wote, upande huu ukionja kilichotoka upande ule.

Hatusemi kwamba chakula kilileta amani. Watu walikula kimya, na wengine hawakula. Lakini baada ya kula hakuna aliyepiga kelele, na kwa mara ya kwanza mtu wa ng'ambo aliachwa amalize maneno yake. Mwishoni mwa vikao kadhaa walikubaliana mambo haya:

Kwanza, mabwawa yafunguliwe siku moja, iliyochaguliwa na wazee wa pande zote mbili.

Pili, sumu na vyandarua vya mbu visitumike. Sumu inaua hata samaki wa mwaka kesho, na maji yale yale watoto wanayanywa. Chandarua ni cha kulalia.

Tatu, waliokimbia vita wasifukuzwe mtoni. Wavue kwa ndoana popote, na kwa nyavu wangoje zamu, kama wenyeji.

Nne, ugomvi wa samaki usipelekwe kwa mwenye bunduki yeyote. Anayefanya hivyo apoteze zamu yake ya wavu kwa kiangazi kizima.

Tano, wamama wachuuzi wakae katika kamati, kwa sababu wao wanavuka mto kila siku na wanasikia maneno kabla hayajawa moto.

Mapatano haya yamevunjwa mara kadhaa, hatutawadanganya. Kuna zamu zilizoibwa, na kuna chandarua kilichokamatwa alfajiri. Lakini kesi hizo zilisikilizwa na kamati, chini ya mti. Hilo kwetu ni kubwa.

TUNAOMBA MAMBO MATATU

Kwenu viongozi wa serikali na wa vikosi vya usalama, tunaomba kwa heshima: mama mwenye samaki mbichi apite. Kama kuna kodi ya halali, ilipwe sokoni mara moja, na apewe karatasi. Tunajua kwamba wako askari ambao mshahara unawachelewea, nao wana watoto. Tuko tayari kusema hilo pamoja nanyi kwa wakubwa. Lakini tumbo la askari lisijazwe kutoka beseni la mama.

Kwenu wavuvi na wazee, tunaomba msichoke kukaa kikao. Kikao cha siku tatu kinachosha, lakini mwenye bunduki akishakaribishwa kivukoni hamjui ataondoka lini.

Kwetu sisi wa mashirika na kwa wafadhili wanaosoma maneno haya mbali, tunaomba tuulize kabla ya kutoa. Mto ni wa nani, kiangazi na masika? Nani atakosa tukimpa huyu? Na tunapoandika kama mradi umefaulu, tuongeze mstari mmoja: je, samaki mbichi anafika sokoni?

Wamama wa kamati wametuambia kwamba sufuria iko motoni huko nyuma, samaki wa Lualaba pamoja na kambale waliokuja hai kutoka Luama. Wamepita njiani asubuhi hii bila kusimamishwa. Hatujui kesho itakuwaje. Lakini leo wamepita, na samaki mbichi hangoji, basi na sisi tusimngojeshe.

Karibuni mezani.