Mwanao Yuko Chuo Kikuu: Muulize Pia Anachokipenda

Mara nyingi sisi huzungumza juu ya watoto wachanga, chanjo na uji wa lishe. Leo tumzungumzie mtoto ambaye wengi hudhani malezi yake yamekwisha: yule kijana aliyebeba sanduku lake na godoro akaenda chuoni.

Akina mama huniuliza, "Sista, huyu mtoto nimemlipia karo kwa shida, sasa nasikia anashinda uwanjani akicheza. Masomo atasoma saa ngapi?" Swali hilo ni la haki. Lakini kwa upande wa afya, mara nyingi mchezo, kwaya au maigizo anayoyapenda kijana siyo yanayomdhuru. Kinachomdhuru zaidi ni kukosa usingizi na kula vibaya. Na siku atakapoacha ghafla kile alichokipenda, hapo ndipo wewe mzazi unapaswa kushtuka.

Hebu tuitazame siku moja ya chuoni. Chukua mfano wa msichana wa mwaka wa pili anayesomea ualimu. Anapenda vitu viwili: voliboli na kusuka nywele. Saa kumi na moja na nusu alfajiri ameamka ili awahi bafu kabla ya foleni. Saa moja asubuhi ana somo katika ukumbi uliojaa, na anayechelewa husimama dirishani. Saa tatu anapata chai na mandazi, pesa zikiwepo. Saa nne ana somo lingine, na saa saba lingine tena upande wa pili wa chuo. Chakula cha mchana kinapita hivi hivi. Saa kumi na moja jioni yuko uwanjani. Saa moja usiku anawasuka wenzake hosteli, kwa sababu pesa za mkopo wa HELB hazijaingia na hizo za kusuka ndizo atakazonunulia chakula. Saa nne usiku ndipo anapofungua daftari, maana kesho kuna mtihani mdogo na kazi ya kikundi. Analala saa nane usiku. Hesabu mwenyewe, mama: amelala saa tatu na nusu tu.

Unaweza kusema, "Basi aache voliboli." Lakini voliboli ilichukua saa moja na nusu, na huenda ndio wakati pekee aliocheka siku hiyo nzima. Tuangalie kwanza mambo mengine.

La kwanza ni usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Tunapolala, ubongo hupanga na kuhifadhi yale tuliyojifunza mchana. Kwa hiyo anayekesha usiku kucha kabla ya mtihani ni kama mtu anayeteka maji kwa debe lenye tundu. Wengine, ili wasilale, hutafuna miraa au muguka, au hunywa kahawa na vile vinywaji vya mikebe vya kuongeza nguvu. Miraa hufukuza usingizi, lakini hufukuza na njaa pia, na moyo hupiga mbio. Vinywaji vile huwa na kafeini. Baada ya muda wa saa tano hivi tangu kunywa, karibu nusu ya kafeini hiyo bado imo mwilini. Kijana aliyekunywa saa tatu usiku atalala kitandani macho yakiwa makavu hadi usiku wa manane, na kesho atatafuta mkebe mwingine.

La pili ni chakula. Kijana hawezi kuendesha siku ndefu namna hiyo kwa chai, mandazi na chipsi. Mfundishe kwamba chakula bora si lazima kiwe cha bei. Githeri, ndengu, maharagwe, omena, mayai, sukuma wiki, managu na terere hupatikana katika vibanda na masoko mengi karibu na vyuo. Ndizi mbivu moja na njugu kidogo ndani ya mkoba zinaweza kumshikilia kati ya somo na somo. Wasichana hasa wanahitaji madini ya chuma, kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Dalili za upungufu wa damu ni uchovu usioisha, kizunguzungu na kupumua kwa shida akipanda ngazi. Ale ndengu na mboga pamoja na chungwa, kwani chungwa husaidia mwili kuchukua madini hayo. Chai asinywe pamoja na chakula, angoje kama saa moja, kwa maana chai huyazuia.

Hapa nirekebishe jambo moja. Watu husema kuruka chakula huleta vidonda vya tumbo. Visababishi vikubwa vya vidonda ni viini vinavyoitwa H. pylori, na kutumia ovyo dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Kijana anayemeza dawa za kichwa kila siku kwa sababu hakulala wala hakula anajiweka hatarini. Tumbo likimchoma mara kwa mara, aende apimwe. Viini hivyo vina tiba. Akitapika damu, au choo chake kikiwa cheusi kama lami, aende hospitali siku hiyo hiyo.

La tatu ni kile anachokipenda. Mtu mzima anashauriwa kufanya mazoezi ya mwili kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Msichana wetu akicheza voliboli mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, amepata dakika 180. Tena amepata marafiki watakaotambua asipoonekana uwanjani. Vivyo hivyo kwa anayeimba kwaya, anayechora au anayecheza ngoma. Wiki ya mitihani apunguze, lakini asikate kabisa.

Ila kuna "kupenda" kwingine kunakohitaji jicho lako. Kamari ya mpira kwenye simu si kipaji. Kijana akianza kuomba pesa za chakula mara mbili au tatu kwa wiki, akiuza simu au nguo, au akificha mambo ya pesa, zungumza naye mapema bila matusi. Pombe nayo ni hivyo hivyo.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini, mama. Kuna ugonjwa wa huzuni ya kupita kiasi unaoitwa sonona, na wengine huuita dipresheni. Dalili yake kubwa mojawapo ni mtu kupoteza hamu ya vitu alivyovipenda. Mchezaji haendi tena uwanjani. Mwanakwaya haimbi. Ukiona hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi au kulala mno, kutokula, kujiona hana maana, au kukwepa simu zako, usiseme ni uvivu au amerogwa. Ni ugonjwa, na una matibabu.

Ukiogopa kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi, kwa upole. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kusema. Akikubali kwamba anawaza hivyo, usimwache peke yake. Mwombe rafiki yake wa chumbani akae naye, na apelekwe hospitali mara moja. Wala usimfiche kwa kuogopa polisi. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu ni kinyume cha Katiba. Huyo ni mgonjwa anayehitaji msaada.

Msaada uko wapi? Anza na zahanati ya chuo na washauri nasaha walio chini ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Hospitali ya kaunti pia itakuelekeza. Na simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199, haitozi malipo.

Kabla sijamaliza, tutazame simu tunazowapigia watoto wetu. Wengi wetu huuliza, "Mitihani ilikuwaje? Pesa niliyotuma imefika?" Kijana hujibu "sawa" mara mbili, na simu imekatwa. Kuanzia leo ongeza maswali haya matatu:

1. Jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi?
2. Leo umekula nini?
3. Wiki hii umepata nafasi ya kufanya kile unachokipenda?

Hili la tatu, uliza kwa jina lake: "Timu yenu ilishinda?" "Umemsuka nani?" Usilitumie kumgombeza, la sivyo hatakuambia tena. Akijibu kwa furaha, sikiliza. Akisema, "Siku hizi siendi," muulize tangu lini, halafu nyamaza umpe muda wa kueleza.

Na ukipata mtu wa kutoka kwenu anayeelekea huko, au ukituma mzigo kwa matatu, weka unga wa uji, omena kavu, ndengu na njugu. Hakikisha havina kuvu, kwa kuwa kuvu ina sumu inayoharibu ini.

Mama, mlezi, mtoto wa chuo kikuu ni mkubwa wa kupiga kura, lakini bado anahitaji mtu wa kumwuliza kama amekula na kama amelala. Mpigie leo jioni baada ya mazoezi yake, ukianza na lile swali la tatu.