Daktari Kupitia Simu: Huduma Itambulike, Itumike, Itunze Siri



Watu wa Ngomeni wana historia ndefu na mawasiliano ya mbali. Kuanzia 1967, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini mbele ya kijiji hicho. Moja iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya kujitawala. Urushaji ulikoma 1988, lakini kituo kiliendelea kupokea mawasiliano ya setilaiti. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya kuhusu kituo hicho, na miongoni mwa mambo waliyokubaliana ni tibamtandao, yaani mgonjwa kuhudumiwa na daktari aliye mbali.

Kwa hiyo habari ya tibamtandao si ngeni Magarini. Hata hivyo, mawasiliano yanaweza kuvuka anga yote kisha yakakwama mwisho kabisa, kwenye kioo cha simu ya mama aliye Adu au Garashi, saa nane za usiku, mtoto akichemka kwa homa. Ikiwa mama huyo hajui abonyeze wapi, au haamini kwamba anayezungumza naye ni daktari, basi kwake huduma hiyo haipo.

Jambo la kwanza ni kutambulika. M-Pesa ilipoanza 2007, wakala alijulikana kwa rangi ya kijani. Hata asiyejua kusoma aliliona duka kutoka ng'ambo ya barabara. Baadaye matapeli walipozidi, Safaricom iliwazoesha wateja kwamba itawapigia kwa nambari moja tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hujitembeza kikiwa kimevaa nguo za kizuri. Huduma ya daktari wa simu inahitaji jina moja fupi, nembo moja na rangi zilezile kila mahali: ukutani mwa zahanati, kwenye fulana ya mhudumu, kwenye kioo cha simu na juu ya kila ujumbe. Nembo inayobadilika kila mwaka humpa tapeli nafasi ya kuleta yake.

Wachoraji nao wakumbuke kwamba msalaba mwekundu si pambo la kila kliniki. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, ili vitani ijulikane kuwa walio chini yake hawashambuliwi. Huduma ya kiraia yapasa kuwa na alama yake yenyewe.

Jambo la pili ni kutumika kwa urahisi. Si kila nyumba ina simu ya kupangusa, wengi wana mulika mwizi. Huduma inayodai bando na kioo kikubwa huwaacha nje wale wanaoihitaji zaidi. Kwa hiyo lazima iwepo njia ya kupiga simu na ya ujumbe mfupi, kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kigiriama pale mgonjwa anapokitaka. Maandishi yawe makubwa, yenye rangi iliyokolea juu ya weupe, maana simu husomwa juani. Mtandao ukikatika katikati ya maelezo, mgonjwa asilazimike kuanza upya na kumaliza kredo.

Swali la kwanza liwe lile linalookoa maisha. Mtoto ana degedege, anapumua kwa shida au ameshindwa kunyonya? Mjamzito anatokwa na damu? Jibu likiwa ndiyo, simu isimzungushe mtu kwenye menyu. Imwambie mara moja aende kituo cha afya, na imsaidie kupata usafiri.

Njia ya kupima huduma kama hiyo haina gharama kubwa. Mzee wa Marafa apewe simu, aambiwe atafute daktari, na waliotengeneza wakae kimya wakimtazama. Pale anaposita ndipo penye kosa, na kosa si la mzee.

Jambo la tatu ni siri. Nyumba nyingi hutumia simu moja, na ujumbe ukiingia husomwa na aliye karibu. Ujumbe unaotaja dawa za virusi vya Ukimwi au kipimo cha mimba unaweza kuvunja ndoa kabla mwenyewe hajausoma. Ujumbe mwema husema tu kwamba kuna taarifa ya kliniki, kisha huomba nambari ya siri aliyoichagua mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inagusa huduma hizi moja kwa moja. Kwa hiyo siri ni haki ya mgonjwa, hakuna anayemfanyia hisani.

Zaidi ya rangi na nembo, uso ambao watu huuamini ni wa jirani yao. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walizinduliwa kitaifa wakiwa na vifaa pamoja na simu za kuwekea rekodi. Mhudumu anayejulikana kijijini, akiketi mkekani na kuonyesha hatua kwa hatua, hufanya kazi ambayo bango haliwezi.

Hadi huduma ya namna hiyo iwafikie wote, kila mkazi ajilinde. Anayejiita daktari kwenye simu aulizwe jina kamili na nambari ya usajili, kwani orodha ya madaktari iko kwa Baraza la Madaktari, KMPDC, na mtu yeyote aweza kuitazama. Daktari wa kweli haombi PIN ya M-Pesa. Dalili za hatari hazingojei simu, hupelekwa kituoni.

Na katika vikao vya maoni ya umma, mkazi asiulize tu huduma italetwa lini. Aulize pia ilijaribiwa na nani, kwa lugha gani, na kwa simu ya aina gani. Anayejua vyema kama mlango umefunguka ni yule anayebisha hodi.