Dhamiri na Utumishi wa Taifa
Mazungumzo kwa wanaparokia na viongozi wa walei, Nyantakara



Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1966 sheria ikawalazimu vijana wasomi kulitumikia. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Ndiyo maana watoto wetu wanaomaliza kidato cha sita huitwa makambini. Wengi huenda kwa moyo mweupe. Je, tumtendeeje yule ambaye dhamiri yake inamkataza kushika silaha?

Kwanza, tupambanue. Wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walioandamana tarehe 22 Oktoba 1966 walilalamikia hasa masharti ya utumishi na makato ya malipo. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Kupinga makato si sawa na kukataa kuua. Mwenye dhamiri ya kweli hakwepi jasho. Anaomba alitoe kwa kazi isiyo ya silaha.

Pili, ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa dhamiri, na ibara ya 25 yasema utumishi wa lazima wa kujenga taifa si kazi ya shuruti. Basi taifa lina haki ya kuita, na anayeitwa anabaki na dhamiri yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati ya Kanisa katika Ulimwengu wa Sasa, namba 79, ulitaka sheria ziwajali kiutu watu wa namna hiyo, mradi wakubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine.

Tatu, tutazame hatari. Mwaka 1994 Eritrea iliwafunga Mashahidi wa Yehova watatu bila kuwafikisha mahakamani; waliachiwa Desemba 2020, baada ya miaka 26. Si Wakatoliki, lakini haki haidai cheti cha ubatizo.

Tufanyeje? Wazazi, msimwite mwoga kabla ya kumsikiliza. Kamati imsikilize faraghani, kisha imsaidie kuwaandikia wakuu mapema, akiomba kazi ya shamba, ya ujenzi au ya zahanati. Naye kijana asijifiche, wala asitafute cheti cha ugonjwa wa uongo. Dhamiri inayojificha nyuma ya uongo imekwisha kujikana yenyewe.

Mungu awabariki.