Mtoto Akiisha Utoto, Nani Anampokea?

(Hotuba ya walimu katika maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika)



Siku hii huadhimishwa kila tarehe 16 Juni tangu mwaka 1991, kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976. Sisi walimu tumeombwa tuseme machache, nasi tumechagua swali moja: mtoto akiisha utoto, nani anampokea?

Makwetu swali hili lina jibu. Wabembe wa Fizi wana butende, na Walega wana bwali. Wavulana hutengwa na mama zao, hutahiriwa, hufundishwa na wakubwa, kisha hurudishwa kijijini kwa ngoma. Ndugu zetu Warundi hawakuwa na desturi ya jando, lakini hata kwao mtu hakujitangaza mwenyewe kuwa mushingantahe. Alichunguzwa kwa muda mrefu, akala kiapo mbele ya watu, ndipo akapewa fimbo ya intahe na kazi ya kupatanisha wanaogombana. Kwa wenyeji wetu Watanzania, Wazaramo kwa desturi humweka mwali ndani, akafundwa, kisha akatolewa nje kwa shangwe, watu wote wamwone.

Mbali zaidi mambo ni hayo hayo. Mvulana wa Kiyahudi akifika miaka 13 husoma Torati mbele ya waumini. Huko Japani, kila Jumatatu ya pili ya Januari, miji huwaita vijana wake na kuwapongeza kwa kuingia utu uzima.

Mtaalamu Arnold van Gennep aliandika mwaka 1909 kwamba mila za namna hii zina hatua tatu: kutengwa, kukaa katikati, na kurudishwa. Ndugu zangu, tujipime kwa hatua hizo. Kutengwa kulitupata sote siku tulipokimbia. Kukaa katikati ndiyo maisha yetu ya kila siku hapa kambini. Ni hatua ya tatu iliyopotea. Vijana wetu hawarudishwi popote, wala hakuna anayesimama kuwapokea.

Kijana anamaliza shule, anatimiza miaka 18, na kwenye karatasi ya posho anabaki mdomo mmoja tu kama alivyokuwa jana. Baba hana shamba la kumkatia. Mkutanoni anaambiwa akae kimya, na bombani anaitwa mtoto. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haukawii. Mwenye bunduki humwambia kwamba kwake atakuwa mwanamume kwa siku moja. Binti wa miaka 15 naye huozwa, watu wakasema amekwisha kukua. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unakataza yote mawili: kumwoza aliye chini ya miaka 18 na kumwandikisha vitani. Lakini katazo peke yake halimpi kijana mahali pa kukaa.

Hatusemi turudishe kila jambo la zamani. Kisu kimoja kwa wavulana kumi huambukiza magonjwa. Kutahiri kufanyike zahanati. Kumkeketa binti ni kosa la jinai hapa Tanzania tangu mwaka 1998, na hatulitaki. Tunachotaka kubaki nacho ni mafundisho na mapokezi.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati mambo matatu. Kwanza, kila mwaka katika siku kama ya leo, wote waliotimiza miaka 18, wa kiume na wa kike, waitwe kwa majina mbele ya kambi nzima, bila kujali kabila. Pili, kabla ya siku hiyo kila mmoja apewe somo wake, mzee au mama anayeheshimika, amfundishe habari za ukoo, adabu za nyumba, na namna ya kusuluhisha ugomvi. Tatu, akiisha kuitwa akabidhiwe kazi yenye jina: kusimamia zamu za maji, kuwaandikia barua wasiojua kusoma, kuwasaidia wadogo masomo ya jioni. Tena apewe haki ya kusema mkutanoni. Haya hayangoji fedha za shirika lolote. Yanangoja sisi wakubwa tukubali kusogea kidogo kwenye benchi.

Nanyi vijana, utu uzima hauji kwa ndevu wala kwa kupata mtoto. Mtu mzima ni yule ambaye wengine wanaweza kumwachia kazi wakalala usingizi.

Siku moja wengine wetu watarudi makwao, na wengine watapelekwa nchi za mbali. Popote watakapofika, vijana hawa wawe na watu wa kuwataja, waliowafunda na kuwapokea.