Hotuba juu ya Ugonjwa wa Selimundu
Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika hesabu alizozisoma Bwana Mweka Hazina mmesikia ni mara ngapi mfuko wetu wa mazishi ulifunguliwa kwa ajili ya mtoto. Baadhi ya watoto hao twawajua. Ni wale waliokuwa wakilia viungo usiku, macho yakiwa manjano, na nyumbani ikasemwa kwamba wamelogwa, au kwamba mama yao amevunja mwiko. Kwa hiyo Kamati imetutaka tuseme machache juu ya selimundu.

Tuanze na damu yenyewe. Ndani ya chembe nyekundu mna hemoglobini, ndiyo ibebayo oksijeni kutoka mapafuni. Chembe ya mtu mzima wa afya ni ya mviringo, tena laini, hupenya katika mishipa myembamba bila taabu. Kwa mgonjwa, hemoglobini ikiisha kuutua mzigo wake hushikamana kama vijiti, na chembe hupindika mfano wa mundu. Hukwama mishipani, ndiyo maumivu yale; hufa upesi, ndiyo upungufu wa damu. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kosa limo katika hemoglobini.

Habari inayofuata yatuhusu sisi hasa. Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu nyingi akaona ya kuwa alama ya selimundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa, kwenye malaria, na ni haba nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alitangaza kwamba mwenye mbegu moja tu ya urithi huu hupata kinga dhidi ya malaria, na mtu huyo kwa kawaida haugui selimundu. Basi mbegu hii haikuletwa na laana. Imedumu katika koo zetu kwa kuwa iliwaokoa babu zetu.

Taabu huja mtoto apatapo mbegu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wazee wetu, twasema kwa heshima: ugonjwa huu hautoki kwa mama peke yake. Sisi wenyewe tumewahi kuketi barazani ambapo mke alirudishwa kwao baada ya kuzika watoto wawili, wala hatukufungua kinywa. Tulikosea.

Sasa dawa. Haidroksiyurea si dawa ngeni. Ilitumika kutibu saratani za namna fulani, na mwaka wa 1998 Marekani iliikubali kwa watu wazima wenye selimundu. Mtoto aliye tumboni ana hemoglobini ya namna nyingine, isiyopindisha chembe. Ndiyo sababu watoto hawa huzaliwa wakionekana wazima, wakaanza kuugua baada ya miezi kadhaa, hemoglobini hiyo ipunguapo. Dawa huuamsha mwili uitengeneze tena.

Palikuwa na hofu kubwa, kwa maana dawa hii huweza kupunguza chembe nyeupe zinazopigana na maradhi; je, kwetu penye malaria ingewaua watoto? Uchunguzi uitwao REACH ulifanywa Kilifi, na Mbale huko Uganda, na Kinshasa, na Luanda. Watoto 606 walianza dawa, na matokeo yalitangazwa Desemba 2018. Tukihesabu watoto 100 kwa mwaka mmoja, vipindi vya maumivu vilikuwa kama 98 kabla ya dawa, vikashuka hata 45. Malaria kutoka 47 hata 23. Kuongezewa damu kutoka 43 hata 14. Na vifo kutoka karibu 4 hata 1. Malaria haikuzidi, ilipungua.

Haiponyi kabisa. Humezwa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara ili kipimo kisizidi. Mtu asiinunue dukani kwa shauri la jirani. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zilikubali matibabu ya kurekebisha mbegu za urithi, lakini bei yake Marekani imepita dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja. Kwa hayo hatutapitisha kikapu.

Tunaloweza kulipia ni dogo zaidi. Kamati yaomba idhini ya mkutano huu ili sehemu ya mfuko wa mazishi itumike kwa nauli za kliniki na vipimo vya damu vya watoto walio hai. Wazazi wenye mtoto wa namna hii, na vijana wanaotaka kupimwa kabla ya kuoana, wamwone Katibu katika chumba kidogo baada ya chai. Atawaandika mmoja mmoja, na daftari hilo halitasomwa mkutanoni.