Kufunua Boti ya Faiba: Jinsi Sitaha Inavyotenganishwa na Bodi
Maelezo kwa mafundi wa faiba, Yamumbi



Huenda mtu akauliza boti ina uhusiano gani na Yamumbi, mahali ambapo maji mengi yanayoonekana ni ya mvua. Jibu liko kwenye ramani. Magharibi ya Eldoret kuna Ziwa Victoria, mashariki kuna Ziwa Baringo, na faiba si kitu kigeni kwa mafundi wa jua kali wanaotengeneza matangi, mabango na bampa za magari. Fundi anayejua kulowesha mkeka wa faiba kwa resini ana nusu ya ufundi wa boti tayari. Nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kuzamisha watu.

Mitumbwi mingi ya wavuvi iko wazi juu. Lakini boti yenye sitaha, kama zile za watalii au za doria, huwa ni vipande viwili. Bodi ya chini inayokaa majini hutengenezwa kwenye kalibu yake, na sitaha kwenye kalibu nyingine, kisha viwili hivyo huunganishwa ukingoni. Kuna boti ambazo sitaha hufunika bodi kama kifuniko cha sanduku la viatu. Nyingine zina midomo miwili inayolaliana na kukazwa kwa bolti, skrubu au ribiti. Katikati hupakwa gundi nzito, na baadhi ya viwanda huongeza tabaka la faiba kwa ndani. Nje, mshipi wa mpira huficha kiungo chote.

Chini ya sitaha kuna mihimili, mara nyingi ya mbao au plaiwudi iliyofunikwa faiba, na povu la kusaidia boti kuelea. Maji ya mvua hupenya kwenye tundu za skrubu zilizolegea, mbao zikaoza na povu likalowa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Povu lililonyonya lita 100 limeongeza kilo 100 ambazo hakuna abiria anayeziona. Juu rangi inang'aa, na mwenye boti anaendelea kupakia watu walewale. Siku upepo wa ziwa unapochafuka, boti hiyo haina tena uwezo iliyouzwa nao.

Hata hivyo, kufunua boti nzima ni uamuzi wa mwisho. Fundi mwangalifu huanza kwa kugonga kwa nyundo ndogo, akisikiliza sauti ya uvungu au ya kitu kilicholowa. Kisha hutoboa tundu dogo kwenye mhimili akiwa upande wa ndani, bila kufikia maji ya nje, na kutazama unga unaotoka. Unga mkavu wenye rangi ya mbao ni habari njema. Ule mweusi unaoshikana vidoleni si habari njema. Uozo ukiwa sehemu moja tu, ni nafuu kukata kipande cha sakafu juu yake na kukirudisha. Kumshauri mteja afunue boti yote ili malipo yapande ni kumwongezea gharama na hatari bure.

Ikibidi kufunuliwa, kazi ya kwanza ni kuikalisha bodi vizuri. Sitaha ndiyo inayoshika kingo za boti. Ikiondoka, pande hufunguka kama ganda la haragwe. Kwa hiyo bodi huwekwa juu ya vitanda vya mbao vilivyochongwa kufuata umbo lake, na mbao za kupima hukatwa mapema ili zifungwe kutoka ukingo hadi ukingo mara tu sitaha inapotoka. Upana unaweza kuongezeka kwa vidole viwili tu, na siku ya kurudisha hakuna tundu litakalokutana na lenzake.

Injini na betri hutolewa. Tangi la mafuta humwagwa na kuachwa wazi mbali na moto, kwa maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia chini kabisa ya boti, pale pale ambapo cheche za grainda zitaangukia. Waya, mipira ya mafuta na nyaya za usukani hupigwa picha na kuwekewa alama kabla ya kufunguliwa.

Ndipo mpira wa ukingoni unavuliwa, ribiti zinatobolewa na bolti kufunguliwa. Gundi hukatwa kwa kisu bapa na kabari za mbao, kidogo kidogo kuizunguka boti nzima, bila kung'ang'ania kona moja. Sitaha huinuliwa kwa mikanda mipana na winchi ya mnyororo, kwanza sentimita chache, kisha watu wanachungulia pande zote. Ikikataa, kuna kitu bado kimeishika: skrubu chini ya kiti, bomba la kutolea maji, ukuta wa ndani uliounganishwa kwa faiba. Hapo hutafutwa kilichoshika. Nguvu haiongezwi, wala mtu haruhusiwi kuingia chini ya sitaha inayoning'inia.

Vumbi la faiba huingia mapafuni, hivyo barakoa ya vumbi na miwani si mapambo. Hadena ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Jicho huoshwa papo hapo kwa maji safi mengi, angalau dakika 15, na mtu apelekwe hospitali. Hadena na kobalti kamwe havichanganywi moja kwa moja, maana hulipuka.

Kuna jambo la Yamumbi hasa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yaweza kukaribia nyuzi 10. Resini ya polyesta hupenda joto la zaidi ya nyuzi 15. Kipimo cha kawaida cha hadena ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya resini, na kumimina zaidi ili kushinda baridi hufanya faiba iwe dhaifu. Bora tabaka lipakwe saa nne asubuhi likauke na jua kuliko saa kumi na moja jioni.

Mihimili ikishabadilishwa, sitaha hujaribiwa ikiwa kavu kabla ya gundi kupakwa. Baada ya kufungwa, mtu mmoja hukaa ndani na tochi huku mwingine akimwaga maji kwa mpira kuzunguka kiungo chote. Boti ya abiria haiishii hapo: kuna ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya (KMA), na mwenye boti hukabidhiwa picha zote za ndani, kwa kuwa mkaguzi naye hawezi kuona chini ya sitaha iliyokwisha kufungwa.